Cotswolds, Yorkshire Dales au Devon: vilima vya Uingereza ukavipande wapi kwa baiskeli?

Anayetafuta vilima na barabara tulivu za mashambani Uingereza kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni wapi palipo juu zaidi. Swali hilo halimsaidii. Fleet Moss, barabara ya lami iliyo juu kuliko zote Yorkshire, inafika mita 589 tu kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Lushoto au Limuru amezaliwa juu ya hapo. Na bado waendeshaji wenye miguu mizuri hushuka wakasukuma baiskeli kwenye barabara kama hiyo, na wapo wanaochoka zaidi Devon, ambako kutwa nzima hawakuvuka hata mita 250.

Kinachochosha huku ni jinsi barabara ilivyolala juu ya ardhi. Inaufuata mto au inaukata? Inapanda mara moja ikamaliza, au inapanda na kushuka kutwa? Unaona mbele yako, au umezibwa pande zote mbili? Ukishapata majibu ya hayo utajua uende wapi, na hata siku ya mvua hutajuta.

Nimechagua sehemu tatu ambazo kila moja ina jibu lake. Cotswolds iko katikati-kusini, kati ya Oxford na Cheltenham. Yorkshire Dales iko kaskazini, juu ya Leeds na Bradford. Devon iko kusini-magharibi, njia ya kwenda Cornwall. Anayeishi London na ana siku moja tu anaweza kupima miguu kwanza Surrey Hills. Box Hill, iliyopandwa mara tisa na wanaume katika mbio za barabarani za Olimpiki ya 2012, ni mpando wa kilomita 2.5 hivi wenye wastani wa asilimia 5, yaani kila mita mia unapanda mita tano, na lami yake ni nzuri. Lakini mwisho wa wiki hupata watu wengi mno, kwa hiyo anayetafuta utulivu aende mbali zaidi.

Jinsi ardhi ilivyo

Cotswolds imekaa kama meza iliyoinuliwa upande mmoja. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi kuna ukingo mkali wa mawe ya chokaa unaolitazama bonde la mto Severn. Ukishafika juu ya ukingo huo, ardhi inainama polepole kuelekea kusini-mashariki hadi mto Thames. Kilele chake, Cleeve Hill, kina mita 330. Mito midogo, Windrush, Evenlode na Coln, inafuata mwinamo huo. Maana yake kwa mwendeshaji ni rahisi kuikumbuka: ukienda sambamba na mto, umepumzika, ukitoka bonde la mto mmoja kwenda la mwingine, unapanda na kushuka kidogo kidogo, ukitokea chini ya ukingo kupanda juu, hapo ndipo kazi ilipo. Mpando wa ukingo huo kwa kawaida ni wa kilomita moja na nusu hadi tatu. Upo mmoja mbaya karibu na Cheltenham, Bushcombe Lane, unaozidi asilimia 20, lakini hakuna anayelazimika kuupita. Hilo ndilo jambo ninalolipenda Cotswolds: mkali upo kwa anayeutaka, na asiyeutaka ana njia nyingine pembeni.

Yorkshire Dales ni hadithi nyingine kabisa. Huku ni mabonde marefu, Wharfedale, Wensleydale, Swaledale, kila moja na mto wake, na barabara zinakwenda chini kando ya mto katikati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Ukiwa ndani ya bonde unaweza kwenda saa nzima bila kutoka jasho la maana. Tatizo, au raha, huanza unapotaka kuhamia bonde la pili. Hakuna mkato. Lazima upande hadi nyika ya juu, kusiko na mti wala nyumba, kisha ushuke upande wa pili. Siku ya kilomita 80 inaweza kuwa na mipando miwili au mitatu tu, lakini kila mmoja unautambua kwa jina. Buttertubs, kati ya Hawes na Thwaite, unafika mita 526. Park Rash, unaotoka kijiji cha Kettlewell, una sehemu za asilimia 25, yaani kila mita nne unapanda mita moja. Fleet Moss nimeshautaja, na ubaya wake uko pia upande wa kushuka kuelekea Hawes, ambako breki zinafanya kazi kuliko miguu.

Mashindano ya Tour de France ya 2014 yalianzia Leeds, Julai 5, na siku ya kwanza yalipita Buttertubs. Bingwa mtetezi mwaka ule alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza baiskeli ya mbio kwa David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu. Baadhi ya Wakenya walioko Leeds na Bradford bado wanakumbuka umati ulivyoziba barabara ile ya mlimani. Mjerumani Jens Voigt, akiwa na miaka 42, ndiye aliyetangulia kuvuka kilele. Ukiupanda mwenyewe utaelewa kwa nini watu walikaa huko tangu alfajiri: barabara yote inaonekana, kutoka chini hadi juu, kwa hiyo unaiona kazi yako kabla hujaifika.

Kuona mbele ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Dales unaupima mpando kwa macho, unapanga nguvu, unajua pa kukaza na pa kulegeza. Devon haikupi nafasi hiyo.

Devon mito ni mingi na midogo, na barabara zake nyembamba hazikutengenezwa ili kuunganisha miji. Zilikuwa njia za kutoka shamba hadi shamba, kutoka shamba hadi kanisani, na zimekaa hivyo kwa karne nyingi hadi baadhi zimezama chini ya usawa wa mashamba. Pande zote mbili kuna tuta la udongo na mawe, juu yake ua wa miti ya miiba, na kwa jumla mara nyingi urefu unampita mtu mzima aliyesimama. Barabara inashuka moja kwa moja hadi kijito, inavuka daraja dogo la mawe, kisha inapanda moja kwa moja upande wa pili. Mita 400 za asilimia 15 hadi 20, halafu mteremko, halafu tena. Ni kawaida kabisa kukusanya zaidi ya mita 1,000 za kupanda ndani ya kilomita 60. Na mteremko haukusaidii kwa mpando unaofuata, kwa sababu kona imeziba, katikati ya lami kuna majani na kokoto, chini kuna tope la trekta. Kasi yote unaiacha kwenye breki kabla ya daraja, kisha unaanza upya kutoka sifuri.

Ndiyo maana ninasema bila kusita: kati ya hizi tatu, Devon ndiyo ngumu zaidi kwa miguu, ingawa ramani inaionyesha chini kuliko Dales.

Isipokuwa Dartmoor. Hifadhi hii ya taifa, iliyoanzishwa 1951, imekaa katikati ya Devon kama nchi ndani ya nchi: wazi, pepo kali, farasi wadogo wanaotembea huru barabarani. Kuipanda kutoka Bovey Tracey hadi Haytor ni mpando mrefu wenye mpangilio, na mashindano ya Tour of Britain yamemalizikia hapo mwaka 2013 na 2016. Ukiwa juu ya Dartmoor unapata tabia ya Dales, ila mvua yake haina adabu.

Utulivu wa barabara

Hapa mpangilio unageuka. Cotswolds ndiyo yenye magari mengi. Vijiji vyake vya mawe ya rangi ya asali vinajulikana dunia nzima, na Bourton-on-the-Water mchana wa Jumamosi ya Julai si mahali pa baiskeli. Lakini wageni hao wanakwenda sehemu zile zile. Kilomita tatu tu kutoka Bourton, upande wa Naunton au Guiting Power, unaweza kwenda muda mrefu ukikutana na farasi kuliko magari. Siri ni kuikwepa barabara kuu ya A429, ambayo ni njia ya kale ya Warumi, imenyooka na magari yanaipenda, pamoja na A44 inayopita Broadway.

Dales kuna magari machache, lakini barabara nazo ni chache. Anayekwenda Hawes kutoka kusini ana njia moja au mbili tu, na Jumapili yenye jua pikipiki kubwa zinazipenda njia hizo hizo. Siku za kazi, au kabla ya saa nne asubuhi, ni kimya mpaka unasikia maji ya mtoni.

Devon ndiyo yenye barabara nyingi kuliko kaunti yoyote ya Uingereza, na nyingi kati ya hizo ni nyembamba kiasi cha gari moja. Mradi umejitenga na A30, A38 na A39, magari utakayokutana nayo utayahesabu kwa vidole. Shida ni kwamba kila moja utakutana nalo uso kwa uso. Huko masikio hufanya kazi kuliko macho. Usivae vifaa vya muziki, punguza mwendo kabla ya kila kona iliyoziba, na kumbuka kwamba dereva wa trekta hawezi kurudi nyuma haraka kama wewe unavyoweza kusogea kwenye lango la shamba.

Neno kuhusu alama moja inayowachanganya wageni. Ukiona duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari, usidhani linakataza kitu. Lina maana ya kikomo cha taifa cha mwendo, ambacho kwenye barabara ya njia moja kila upande ni maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97. Ndiyo, hata kwenye kijia kilichobanwa na ua. Wengi wa madereva hawaendi hivyo, lakini sheria inawaruhusu, na wewe jiweke tayari. Kwa upande mwingine, mwongozo rasmi wa barabara uliorekebishwa Januari 2022 unamtaka dereva anayekupita kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa akuachie angalau mita 1.5, na zaidi ya hapo akiwa kasi. Unakuruhusu pia kukaa katikati ya njia yako pale ambapo kukupita si salama. Tumia haki hiyo. Anayejibana ukingoni kwa adabu ndiye anayesukumwa kwenye tuta.

Wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda tayari wamezoea kushoto. Wanaotoka Kongo, Burundi, Rwanda au Oman wawe macho hasa kwenye barabara hizi nyembamba kuliko mjini, maana hapa hakuna mstari wa katikati wa kukukumbusha. Ukisimama kula kwenye lango la shamba kisha ukaondoka, mkono wa zamani unakupeleka kulia bila kukuuliza.

Na farasi, hasa Cotswolds: usipige kengele nyuma yao. Sema kwa sauti ya kawaida, "Good morning", ukiwa bado mbali, subiri mpandaji akuitikie, kisha pita pole pole na kwa nafasi kubwa. Farasi akisikia sauti ya mtu hutulia.

Kufika huko bila gari

Kwa anayetoka London, Cotswolds haina mshindani. Treni ya kutoka Paddington inakufikisha Moreton-in-Marsh kwa muda wa saa moja na nusu na zaidi kidogo, na ukitoka stesheni dakika kumi tu uko mashambani. Zipo pia stesheni za Charlbury na Kingham kwenye reli hiyo hiyo, kwa hiyo unaweza kushukia moja na kupandia nyingine.

Dales milango yake ni Skipton na Settle. Skipton ina treni nyingi kutoka Leeds na Bradford, safari ya chini ya saa moja. Kutoka Settle kwenda Carlisle kuna reli maarufu inayopita juu ya daraja la Ribblehead lenye matao 24, nayo inakufaa sana ukitaka kwenda upande mmoja kwa baiskeli na kurudi kwa treni upepo ukiwa mkali.

Devon ni mbali zaidi: Paddington hadi Exeter ni saa mbili na ziada, kisha treni ndogo. Habari njema ni kwamba treni za kila siku kati ya Exeter na Okehampton zilirejeshwa Novemba 2021, na hilo linakuweka kwenye ukingo wa kaskazini wa Dartmoor bila kupita barabara kuu.

Kokote uendako, nafasi za baiskeli kwenye treni za mwendo mrefu ni chache. Weka nafasi ya baiskeli kabla hujalipia malazi, wala si baada. Na asubuhi na jioni za siku za kazi, treni nyingi za kuingia na kutoka London haziruhusu baiskeli isiyokunjwa.

Kula na kunywa

Hili sitalirefusha, lakini lina uzito kwa wasomaji wengi. Vijijini chakula cha halali ni adimu katika sehemu zote tatu. Mikahawa ina keki, mayai, supu za mboga, samaki, na mingi hufunga jikoni mapema alasiri. Anayekwenda Dales ana bahati ya kupitia Bradford, mji wenye Waislamu wengi na migahawa ya halali ya kumtosha yeyote. Beba chakula kutoka huko asubuhi, au rudi ukale jioni. Devon na Cotswolds, beba chako. Tende na karanga zinakaa vizuri mfukoni na zinafanya kazi kuliko vile vibiringo vya sukari vinavyouzwa ghali. Maji si tatizo: sehemu yenye leseni ya kuuza pombe inatakiwa kisheria kumpa mteja maji ya bomba bure akiyaomba, kwa hiyo hata asiyekunywa pombe anaweza kuagiza chai baa na kujaza chupa zake bila aibu.

Cotswolds kuna kijiji kila kilomita chache. Dales unaweza kuvuka nyika nzima bila pa kununua hata soda. Juu ya Swaledale kuna Tan Hill Inn, mita 528, baa iliyo juu kuliko zote nchini, na ukiifikia siku ya baridi utaipenda hata kama hukuwa na kiu.

Baiskeli na gia

Baiskeli ya kawaida ya mbio inatosha kote, lakini gia zake zisiwe za mashindano ya tambarare. Angalia gia ndogo ya mbele ina meno mangapi, na gia kubwa kabisa ya nyuma ina mangapi. Kwa Cotswolds, 34 mbele na 30 nyuma zinamtosha mtu mwenye mazoezi ya wastani. Kwa Dales na Devon tafuta 34 kwa 34, yaani mguu ukizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja. Kwa gia hiyo, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita saba na nusu hivi kwa saa, mwendo ambao bado baiskeli inasimama wima na pumzi haikati. Ukiwa na gia nzito zaidi kwenye asilimia 25, utasukuma magoti mpaka yalie.

Tairi za milimita 28 ndizo za chini kabisa ninazoshauri. Kwa Devon 32 ni bora, kwa sababu ya kokoto, tope na mashimo usiyoyaona kivulini. Breki za diski zina faida kubwa Devon na Dales, hasa ikinyesha. Na jambo ambalo duka halitakuambia: miiba. Kanuni za mwaka 2024 zinawazuia wakulima kukata ua kati ya Machi 1 na Agosti 31, isipokuwa kwa sababu maalumu, ili ndege watage kwa amani. Ikiingia Septemba, mashine zinapita na barabara nyembamba zinajaa vijiti vya miiba. Pancha za majira ya vuli Devon ni nyingi. Beba tyubu mbili, viraka na pampu ya kweli.

Aliyeajiriwa Uingereza aulizie kazini mpango wa serikali wa baiskeli za kwendea kazini, ambao unakata bei kupitia kodi ya mshahara. Waajiri wengi wanao na wafanyakazi wengi wa kwetu hawajui.

Kusoma ramani

Simu ni nzuri mpaka mtandao unapokatika, na kwenye mabonde ya Dales na vijia vya Devon unakatika. Pakua ramani mapema, na ikiwezekana beba ya karatasi ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:50,000. Tafuta mishale midogo juu ya barabara. Mshale mmoja unamaanisha mwinuko wa asilimia 14 hadi 20, miwili ni zaidi ya 20, na ncha yake inaelekea chini. Ukipanga siku yako ya kwanza, hesabu mishale kabla ya kuhesabu kilomita. Kilomita 50 zenye mishale kumi ni siku ndefu kuliko kilomita 90 zenye miwili. Kumbuka pia kwamba vibao vya barabarani vinaandika maili, na maili moja ni kilomita 1.6.

Majira

Mei na Juni ndiyo miezi yangu kwa zote tatu. Karibu na mwisho wa Juni jua la Dales linazama saa tatu na nusu usiku na zaidi, kwa hiyo hata ukipotea bonde una muda. Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, na aliyezoea siku na usiku vilivyo sawa mwaka mzima hushtuka giza linapomkuta bado yuko mlimani. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima kisheria usiku. Mimi huziwasha hata mchana ndani ya vivuli vya Devon.

Agosti nyika za kaskazini zinageuka zambarau kwa maua ya vichaka vifupi, na anayependa picha aende Dales wakati huo. Agosti hiyo hiyo Devon imejaa magari ya likizo yanayokwenda pwani, ingawa vijia vya ndani vinabaki kimya. Baridi ikianza, Cotswolds ndiyo inayostahimilika zaidi. Dales barafu hukaa juu ya mipando kwa siku nyingi.

Nani aende wapi

Kama hii ni mara yako ya kwanza kwenye vilima vya Uingereza, au una siku moja, nenda Cotswolds. Shukia Moreton-in-Marsh, pita Blockley hadi Snowshill, shuka Broadway, fuata barabara za chini ya ukingo kupitia Stanton hadi Stanway, panda tena juu, kisha rudi kwa Guiting Power, Naunton, Lower Slaughter na Stow-on-the-Wold. Ni kilomita 60 hivi. Utakuwa umeonja ukingo kwa kuushuka na kuupanda, utakuwa umefuata mto Windrush, na kuanzia Stow sehemu kubwa ya njia ni kushuka, mradi uchague njia ya Broadwell na Evenlode badala ya A429.

Una siku tatu au zaidi, na unataka kurudi ukiwa na kitu cha kusimulia? Dales. Hapo sina shaka hata kidogo. Kuna mzunguko uliowekwa alama wa maili 130, karibu kilomita 210, unaoanzia na kumalizikia Skipton, na wengi huugawa kwa siku nne hadi sita. Mwenye siku mbili alale Hawes na apande Buttertubs asubuhi kabla pikipiki hazijaamka. Kundi la marafiki wasiolingana nguvu litafurahi zaidi huko kuliko kwingine, maana wasioweza wanasubiri bondeni, na mlimani kila mtu anamwona mwenzake.

Devon nampa yule ambaye tayari ana miguu, hapendi kuona watu, na hachukii kusimama kila baada ya dakika kumi. Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu na sina haraka, ndiko ninakopenda, kwa sababu hakuna mahali pengine Uingereza ambako unaweza kuwa ndani ya kijani namna ile, ukasikia ndege na kijito na hakuna kingine. Lakini simpeleki mgeni huko kwanza. Mwenye watoto, au aliyechoka baada ya siku mbili za vijia, asirudi nyumbani: achukue njia ya Tarka Trail, reli ya zamani isiyo na magari inayokwenda kutoka Braunton hadi Meeth, maili 30 karibu zote tambarare. Nyingine ni Granite Way, kutoka Okehampton hadi Lydford, inayovuka daraja refu la Meldon.

Na ukikuta sehemu zote tatu zimejaa au malazi yamepanda bei, fikiria Shropshire, mpakani mwa Wales. Church Stretton ina stesheni katikati ya mji, na barabara ya Burway inaanza kupanda Long Mynd hapo hapo nje ya maduka, nyembamba, kali, bila ukuta upande wa bonde. Huko hata Agosti unapata chumba, na kondoo ni wengi kuliko magari.